Mashati Matatu Meupe Kabla ya Magharibi ya Jumamosi

Kwa muda wa miaka mitatu sasa, mashati meupe ya nyumbani kwangu yamekuwa yakifuliwa na kupigwa pasi na dobi mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, ambaye kibanda chake kimebanana kati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Hana bango, na alipojua kwamba nakusudia kuandika habari za kazi yake aliniomba nisitaje jina lake wala njia ya kufika kwake, kwa sababu wateja alio nao wanamtosha na asingependa kuwapokea watu asioweza kuwatimizia ahadi. Nimeliheshimu ombi hilo. Hata hivyo nimeona niandike, kwa kuwa madobi wa namna yake wapo katika mitaa mingi, na familia nyingi zenye Jumapili kama yetu huwachagua kwa kuangalia bei na weupe wa nguo tu, ilhali jambo la kwanza la kupima, kwa maoni yangu, ni saa ambayo nguo inarudi nyumbani.

Sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao majirani wengi hutuita Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni tunachokisoma pamoja na Biblia. Mwaka 2018 Rais Russell M. Nelson, aliyekuwa akiliongoza Kanisa wakati huo, alitusihi tulitumie jina kamili, nami hujitahidi kufanya hivyo, ingawa dobi wangu bado anatuita “wale wa mashati meupe” na sijaona sababu ya kumkataza. Nyumbani tuko sita. Mume wangu ni mshauri katika urais wa tawi letu, yaani uongozi wa kusanyiko letu la waumini, kazi isiyo na mshahara kama zilivyo kazi nyingine zote za tawini, na kwa hiyo kila Jumapili huondoka saa 1 asubuhi kwenda kwenye kikao cha viongozi. Mkutano wa sakramenti huanza saa 3, na sisi tuliobaki lazima tuwe kituoni saa 2 na nusu. Zamani, kabla kijana wetu mkubwa hajaanza kutangulia na baba yake, nilibaki na watoto wanne na saa moja na nusu.

Muda huo ungemtosha mtu mmoja na kumbakia, lakini kwa watu watano wenye bafu moja na ndoo mbili haukawii kuisha. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15, wa pili ana miaka 12, binti ana miaka 8 na amebatizwa mwaka huu, kwa kuwa katika Kanisa letu mtoto hubatizwa akishatimiza umri huo, na wa mwisho ana miaka 2, na kumvalisha viatu ni kazi ya watu wawili. Binti hukaa kwenye kigoda nimfunge nywele huku nikiinuka kila mara kukoroga uji wa ulezi. Chai ya majani na kahawa hatunywi, kwa kulifuata Neno la Hekima, agizo la Kanisa letu kuhusu afya, na mgeni aliyelala kwetu hushangaa anapopewa mchaichai asubuhi na kuelezwa kwamba ndio chai ya nyumba hii. Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa kawaida ni ya mfungo: wakubwa tunaacha milo miwili, na thamani ya milo hiyo, au zaidi kwa mwenye uwezo, hutolewa kwa ajili ya wenye shida. Wadogo hula kama siku nyingine, kwa hiyo sufuria ya uji haikosekani jikoni hata siku hiyo. Kuna maandiko ya kutafutwa chini ya vitanda na nauli ya daladala ya kuhesabiwa, na kuna wiki ambazo mimi mwenyewe nimepangiwa kutoa hotuba, kwa sababu kwetu hakuna mhubiri wa kuajiriwa, na waumini wa kawaida, vijana wakiwamo, hupewa zamu ya kuzungumza mimbarini. Katika asubuhi ya namna hiyo, shati moja lililokunjamana linaweza kuwachelewesha watu watano.

Msomaji asiye wa imani yetu huenda akauliza kwa nini shati lenyewe liwe jeupe na kwa nini tulisumbukie hivyo. Wanangu wawili wakubwa wana wajibu katika ibada. Yule wa miaka 12 ni shemasi katika Ukuhani wa Haruni, na kazi yake ni kuwapitishia waumini sakramenti, yaani mkate uliomegwa na maji katika vikombe vidogo. Kaka yake ni mwalimu katika ukuhani huohuo, na kazi yake ni kuiandaa meza kabla watu hawajaketi: kupanga sinia, kujaza vikombe, kuweka mkate na kutandaza kitambaa cheupe. Makuhani, ambao ni vijana wakubwa zaidi, huumega mkate wakati waumini wakiimba, kisha hupiga magoti na kusoma sala za kubariki. Shati jeupe si sharti la ibada hiyo, na kijana asiye nalo hazuiwi kuhudumu. Ni desturi inayopendekezwa kwa ajili ya heshima ya tendo lenyewe, na wanangu wameipokea kwa moyo. Mimi hukaa benchi la tatu kutoka nyuma. Mwanangu anaponyoosha sinia kwa bibi mmoja wa tawi letu ambaye mikono yake hutetemeka, husubiri bila kulisogeza mpaka bibi akipate kikombe chake, na kwa muda huo wote ncha ya mkono wa shati lake iko mbele ya macho ya benchi zima. Ikiwa ina doa la uji, kila mtu ataliona. Haiondoi baraka, najua, lakini mtoto mwenyewe atajua lipo, na akili yake itakuwa kwenye doa badala ya kuwa kwenye sinia.

Jambo la pili ni siku yenyewe. Katika sehemu ya 59 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chetu kingine cha maandiko, ufunuo ambao Joseph Smith, nabii wa kwanza wa Kanisa letu, aliupokea Missouri tarehe 7 Agosti 1831, waumini wanaagizwa waende kwenye nyumba ya sala katika siku takatifu ya Bwana, na wasifanye siku hiyo jambo jingine ila kuandaa chakula chao kwa moyo mnyofu. Kila familia hulitimiza agizo hilo kwa namna inayoona inafaa. Kwetu, nauli ya daladala tunalipa kwa sababu kanisa liko mbali na hatuna gari, lakini dukani hatuendi, na kazi inayoweza kufanywa Jumamosi haiachwi mpaka Jumapili. Kufua na kupiga pasi ni kazi za namna hiyo. Kwa hiyo dobi anayesema “njoo uchukue kesho asubuhi” amekwisha kutushinda hata kama nguo zake zinang'aa kama theluji ya Kilimanjaro.

Nimepitia mengi kabla ya kumpata huyu. Kwa miaka kadhaa nilipiga pasi mwenyewe usiku wa Jumamosi baada ya watoto kulala, na umeme ulipokatika niliamka saa 10 alfajiri ya Jumapili kuangalia kama umerudi. Mara nyingine ulikuwa umerudi, na mara nyingine tuliondoka na mashati tuliyoyanyoosha kwa kuyalaza chini ya godoro. Baadaye nilijaribu duka moja la kufulia lenye mashine, ambalo sitalitaja. Mara mbili walinirudishia nguo saa 3 usiku wa Jumamosi zikiwa na unyevu, na mara ya tatu mashati ya tetroni yalirudi yakiwa na rangi ya manjano chini ya kwapa na kuzunguka kola. Nilielezwa kwamba ni jasho. Fundi cherehani niliyempelekea kola hiyo aitazame aliinusa tu akasema ni dawa ya kung'arishia yenye klorini, kwa sababu tetroni ina nyuzi za poliesta, na nyuzi hizo zikipewa klorini nyingi hugeuka manjano badala ya kuwa nyeupe. Mashati mawili yaliharibika kabisa. Nilikuwa nimeyachagua kwenye mitumba kwa kuzunguka nusu siku, na sikulipwa fidia.

Fundi huyohuyo ndiye aliyeninong'oneza kuhusu jirani yake. Siku ya kwanza nilimkuta mzee akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akikagua vifungo vya kanzu kimoja baada ya kingine. Nilimwamkia “Shikamoo, mzee wangu,” akaitikia “Marahaba, mama,” na kabla hajayagusa mashati yangu akaniuliza yanavaliwa siku gani. Sikuwahi kuulizwa swali hilo na dobi mwingine yeyote. Nilipomweleza, alinionyesha kamba zake. Wiki yake, alisema, imegawanywa na nguo nyeupe za watu: kanzu hukamilishwa Alhamisi ili ziwe tayari kwa swala ya Ijumaa, nguo za Wasabato hukamilishwa Ijumaa kabla jua halijatua, na Jumamosi ni ya wanaosali Jumapili. Yeye ni Mwislamu, anafunga kibanda saa 6 mchana wa Ijumaa na kukifungua tena saa 8, na nadhani ndiyo sababu haikunilazimu kumweleza mara mbili kwa nini nguo yangu haiwezi kuja siku ya ibada yenyewe. Alisema tu, “Magharibi ya Jumamosi haitakukuta bila mashati,” na katika miaka mitatu ahadi hiyo imevunjika mara moja tu, ambayo nitaieleza.

Kazi yake nimeitazama mara nyingi, kwa sababu hupenda kusimama pale ninapokwenda kuchukua mkaa. Mashati huloweka usiku mmoja katika maji ya sabuni ya kawaida, kisha kola na ncha za mikono husuguliwa kwa kipande cha sabuni ya mche na vidole vyake mwenyewe, bila brashi, kwa kuwa brashi, anasema, huamsha nyuzi na shati likianza kutoa manyoya halirudi tena kuwa la heshima. Dawa yenye klorini hatumii kwenye tetroni. Weupe anaupata kwa jua na kwa bluu: katika suuza ya mwisho hutia bluu kidogo sana, iliyofungwa kwenye kitambaa ili chembe zisidondoke, na rangi hiyo hafifu huufunika umanjano ambao jicho lingeuona. Halafu wanga. Huupika mwembamba kutokana na unga wa muhogo na huuchuja mara mbili, na huutia kwenye kola, ncha za mikono na ule mstari wa vifungo tu. Shati la mtoto wa miaka 12 likitiwa wanga mwilini mwote humkwaruza shingo na kumtoa jasho kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

Kwenye pasi ndipo anaponishangaza. Anayo ya umeme, lakini anayoiamini ni ya mkaa, ile nzito yenye jogoo mbele kwenye kifungio. Ubaya wa pasi ya mkaa ni jivu na cheche, na kila aliyekua katika nyumba ya Kiswahili anakumbuka shati la shule lililotobolewa kwa namna hiyo. Yeye huijaza mkaa uliokwisha kushika moto wote, hutoka nayo nje ya kibanda na kuipunga mara kadhaa upande upepo unakokwenda mpaka jivu lote jepesi liruke, huifunga, huifuta kitako kwa kitambaa chenye maji, kisha huipitisha juu ya jani la mgomba ili iteleze. Baada ya hapo huijaribu kwenye kipande cha kanga kuukuu. Ndipo huanza na kola, kutoka kwenye ncha kuelekea katikati, asije akasukuma mkunjo ukabaki pembeni ambako kila mtu anauona. Kisha mabega, kisha mikono, na mwili wa shati huwa wa mwisho. Nguo huwa bado na unyevu kidogo, na mvuke unaponyanyuka huacha harufu ya muhogo na mkaa ambayo binti yangu huiita harufu ya Jumamosi.

Kwa kuwa mashati matatu yanafanana na ukubwa wao unakaribiana, hasa tangu mwanangu wa kwanza alipomfikia baba yake kwa mabega, mzee hushona uzi mmoja wa rangi upande wa ndani wa kola: buluu kwa baba, kijani kwa mkubwa, mwekundu kwa wa pili. Hili ni jambo dogo lililoniokolea dakika nyingi. Zamani vijana wangu walibishana kila Jumapili kuhusu lipi la nani, wakavaa na kuvua, na pasi yote ikaharibika kabla hatujatoka mlangoni. Sasa kila mmoja hugeuza kola na kuchukua lake. Hula uji wakiwa na fulana, huosha mikono, na shati huwa kitu cha mwisho kuvaliwa kabla ya tai. Tangu tuanze utaratibu huo tumefika kabla ya wimbo wa kufungulia karibu kila wiki, na mwanangu wa kwanza, ambaye hana budi kufika mapema ili aiandae meza, siku hizi hutangulia pamoja na baba yake saa 1, jambo ambalo zamani lisingewezekana kwa kuwa shati lake lilikuwa bado kwenye meza ya pasi.

Kasoro zipo, na nisipozitaja nitakuwa sijamtendea haki msomaji. Uzi mwekundu ulichuja. Katika mwezi wa pili shati la mwanangu lilirudi likiwa na alama ya waridi nyuma ya kola, ndogo lakini dhahiri, na mzee hakuwa ameiona. Nilipompelekea aliigusa, akanyamaza, akaniomba nimwachie siku tatu, na alilirudisha jeupe. Tangu hapo huzichemsha nyuzi zake kabla ya kuzitumia. Suruali hazimudu vizuri kama mashati: mara kadhaa nimeona mistari miwili ya pasi mahali pa mmoja, kana kwamba mguu ulikunjwa upya bila ule wa zamani kufutwa. Gauni la binti yangu la kitenge lilififia baada ya kufuliwa mara tatu pamoja na nguo nyeupe za jua kali, na sasa vitenge vyangu na vyake nafua mwenyewe na kuvianika kivulini. Atakayempelekea nguo zilizochanika atasikitika, kwa sababu kifungo hushona lakini mshono hagusi. Humwachia jirani yake. Na wakati wa Ramadhani saa zake hubadilika, hivyo ni vyema kumuuliza mapema kuliko kudhani.

Mtihani mkubwa ni masika. Kati ya Machi na Mei zipo wiki ambazo jua halionekani siku tatu mfululizo, na bila jua yeye hana weupe wala ukavu. Hapo hutuomba tupeleke nguo Jumatatu badala ya Jumatano, na huzianika ndani ya kibanda juu ya jiko la mkaa lililofunikwa, njia inayozikausha lakini inayoziachia harufu ya moshi isiyoisha hata baada ya pasi. Mume wangu hajali. Mimi najali, na nimemwambia.

Ni katika masika ya mwaka jana ndipo ahadi ilipovunjika. Jumamosi jioni alileta mashati mawili na kusema la tatu, lile la shemasi, bado lina maji mabegani na hataki kuliunguza kwa haraka. Nililala nikiwa na kinyongo. Alfajiri, muda mfupi baada ya adhana, mlango uligongwa, na nilipofungua nilimkuta amesimama barazani akiwa na shati limening'inia kwenye hanga, limefunikwa kwa mfuko wa nailoni dhidi ya manyunyu, na viatu vyake vimejaa tope. Nilirudi ndani haraka kutafuta 1,000 yake. Alikataa kuipokea. “Leo hamnunui, mama,” alisema. “Yangu nitaidai kesho.” Nilimshukuru, na baada ya kufunga mlango nilikaa kitako kwa muda, kwa sababu shati lile lilikuwa limepigwa pasi usiku wa kuamkia siku yetu na mtu aliyekuwa ameishika siku hiyo kwa niaba yetu kuliko tulivyomwomba. Jumatatu nilimpelekea malipo na mkungu mdogo wa ndizi mbivu.

Kuhusu gharama, shati la mkubwa ni 1,000, shati dogo la mtoto ni 500, gauni la binti, lile jeupe la pamba, ni 1,500, na suruali ni 1,000. Kila wiki tunapeleka mashati matatu makubwa, moja dogo na gauni, jumla 5,000. Suruali tatu hupelekwa kila baada ya wiki mbili. Kwa mwezi wa wiki nne hesabu inafika 26,000. Kwa familia inayotoa zaka kamili, sehemu ya kumi ya mapato, kisha matoleo ya mfungo, kisha ada na nauli, hizo si fedha za kupuuza, na kwa miezi miwili tuliyobanwa nilipeleka mashati ya wavulana peke yake. Mama mwenye mtoto mmoja au wawili na umeme wa uhakika pengine hahitaji huduma hii. Mwenye nyumba kama yangu, ambaye mwenzake huondoka saa 1, nadhani ataona kama mimi kwamba anachonunua ni ile nusu saa ya asubuhi ya kukaa na watoto mezani, kusoma aya chache pamoja na kuomba kabla ya kutoka, bila mtu kusimama pembeni akiwa kifua wazi anasubiri pasi ipate moto.

Zipo nguo tusizompelekea kabisa. Nguo za hekaluni, na zile za ndani ambazo kwetu ni takatifu, tunazitunza wenyewe nyumbani. Nilizikumbuka sana mwaka 2025, hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu tarehe 18 Mei na Mzee Ulisses Soares wa Akidi ya Mitume Kumi na Wawili, hekalu lililokuwa limetangazwa tangu Aprili 2017. Mzee wa kibanda aliniona nikianika nguo nyeupe nyingi peke yangu, akaniuliza kama nimempata dobi mwingine. Nilimweleza kwamba hizo ni za ibada isiyofanyika tawini, na mwenye nazo ndiye anayezifua. Akasema hata yeye ihramu yake aliifua mwenyewe.

Atakayempata mzee wa namna hii mtaani kwake, namshauri ampelekee nguo kabla ya Jumatano, ataje waziwazi siku ya ibada yake, aanze na shati moja lililochakaa kabla ya kumkabidhi jipya, na akague kola mbele yake huku bado kuna mwanga wa jua, kwa kuwa chini ya taa ya umanjano kila shati ni jeupe. Asimwage lawama kwa harufu ya moshi wakati wa masika kama hajamuuliza mapema namna anavyokausha. Na asikubali kamwe neno “kesho asubuhi” kwa nguo ya Jumapili, hata likisemwa kwa upole.

Mwanangu wa kwanza sasa hutumia saa moja ya kila Jumamosi kibandani. Anafikiria kwenda kuhudumu misheni atakapotimiza miaka 18, na amesikia kutoka kwa wamisionari wa tawi letu kwamba huko hakuna mama wala dobi, mtu hujifulia mashati yake meupe na kujipigia pasi kabla ya kutoka kufundisha. Mzee alimkubalia bila malipo. Wiki ya kwanza kijana aliunguza mkono wa shati la baba yake, doa la kahawia lenye umbo la ncha ya pasi, na shati hilo sasa ni la shambani. Kwa sasa ameruhusiwa kupiga kola peke yake, kutoka ncha kuelekea katikati. Mikono, mzee amesema, labda baada ya Krismasi.